Ponti ya Gari Nyumbani: Namna ya Kuichagua, Kuisimika na Kuitumia Katika Mji wa Goma

Barabara za Goma huliharibu gari kuanzia chini. Mawe makali ya lava hupasua mipira ya kardani, hulegeza bushi, hubonyeza karteri ya mafuta na kuua amortiseri (shokabzoba) kabla ya wakati wake, na ndiyo maana mtu anayelitunza gari lake mwenyewe katika mji huu hutumia saa nyingi zaidi akiwa amelala chali chini ya gari kuliko akiwa ameinamia injini. Wengi wetu tumezifanya kazi hizo kwa kriki (jeki) na vipande vya mbao au mawe, na wengine wamefikiria kuchimba shimo uani kama yale ya garaji za zamani. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, yaani kusimika ponti ya kuinulia gari katika parsele (kiwanja) ya nyumbani, na unafuata mpangilio ambao ningependa kila mnunuzi aufuate: kwanza ardhi na sakafu, kisha uzito na kimo, na mashine yenyewe baadaye. Wengi huanza na mashine, na hapo ndipo matatizo yao huanzia.

Kwa nini ponti na si shimo

Katika miji mingine shimo ni njia ya bei nafuu tena inayodumu. Hapa kwetu mambo ni tofauti kwa sababu ya mazuku. Msomaji wa Goma hahitaji kuelezwa neno hilo, lakini inafaa tukumbushane namna gesi yenyewe inavyokaa: ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, nayo hutuama katika mabonde, mashimo na vyumba vya chini, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wala jua la kuitawanya. Upande wa magharibi ya mji, kuanzia Himbi na Keshero hadi Bulengo na njia ya kuelekea Sake, unajulikana kwa mazuku. Shimo la fundi lenye kina cha mita moja na nusu ni bakuli lililo tayari kupokea gesi hiyo, na mtu akishuka humo asubuhi ili kufanya vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya injini, anaweza kulegea na kuanguka kabla hajatambua kwamba kuna kitu.

Wako wanaosema kwamba inatosha kushusha mshumaa ndani ya shimo, na ukiendelea kuwaka basi hakuna hatari. Naomba mtu asiutegemee mtihani huo. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka hali gesi imekwisha kufika kiwango cha kumpotezea mtu fahamu. Mshumaa unaozimika unakuambia ukimbie, lakini unaowaka haukupi ruhusa yoyote. Ongeza hapo mvuke wa petroli na moshi wa injini, ambavyo navyo vikiingia shimoni havitoki kwa urahisi, na pia ugumu wa kuchimba mwamba wa lava kwa nyundo na patasi kwa siku nyingi, nawe utaona kwamba shimo halistahili gharama yake.

Jambo hilihili la mazuku linahusu pia chumba cha ponti. Garaji yenye kuta nne zilizozibwa hadi chini, iliyojengwa mahali palipoinama kuliko uwanja unaoizunguka, ina tabia ya shimo hata kama sakafu yake haikuchimbwa. Acha matundu ya hewa usawa wa sakafu, si juu peke yake, na upande mmoja ubaki wazi kabisa wakati wa kazi. Anayeishi mtaa wenye historia ya mazuku afike kwanza Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma aulize habari za eneo lake kabla ya kujenga chochote.

Pima gari na paa kabla ya kuuliza bei

Tafuta uzito wa gari zito kuliko yote utakayoyainua, si wa gari ulilo nalo leo tu, kwa maana shemeji na majirani watakuja. Toyota RAV4 za miaka ya 2000 zina uzito wa tani moja na theluthi hivi, Noah hukaribia tani moja na nusu au huizidi kidogo, na Land Cruiser ya mfululizo wa 70 hupita tani mbili ikiwa tupu. Hiyo ya mwisho mara nyingi huwa imeongezewa bampa ya chuma, kabati la juu la mizigo, tangi la pili na magurudumu mawili ya akiba. Kwa mtu mwenye magari madogo tu, ponti ya tani 3 hadi 3.5 inatosha. Mwenye Land Cruiser asishuke chini ya tani 4. Kumbuka pia kwamba uwezo ulioandikwa kwenye ponti ya nguzo mbili umegawanywa kwa mikono minne inayolishika gari: ponti ya tani 4 ina mikono ya tani moja kila mmoja, na gari ambalo uzito wake umeelemea mbele linaweza kuzidisha mkono mmoja hata kama jumla haijazidi.

Kisha pima kimo. Chukua kimo cha gari, ongeza mita 1.75 ili mtu wa kawaida aweze kusimama chini yake, kisha ongeza sentimita kumi za tahadhari. Land Cruiser yenye kabati la juu inaweza kuwa na mita 2.1, kwa hiyo inadai karibu mita 4 kutoka sakafuni hadi kwenye boriti ya chini kabisa ya paa. Nyumba nyingi za mbao na mabati hazina nafasi hiyo. Hilo si kikwazo cha kukata tamaa, kwa sababu si lazima uinue hadi mwisho, lakini ni lazima ulijue mapema, maana nimeona mabati yaliyotobolewa na kabati la gari siku ya kwanza kabisa ya ponti.

Aina za ponti na ipi inamfaa nani

Ponti ya nguzo mbili ndiyo inayofungua sehemu yote ya chini ya gari. Magurudumu yananing'inia huru, kwa hiyo breki, amortiseri, bushi na kardani hufikiwa bila kizuizi, na nafasi inayochukuliwa ni ndogo: upana wa mita tatu na nusu hivi. Iko ya namna mbili. Ya kwanza imeunganishwa kwa boriti ya juu, na sakafu kati ya nguzo inabaki tupu, lakini nguzo zake huwa na mita tatu na nusu au zaidi. Ya pili imeunganishwa kwa bamba linalopita sakafuni, nguzo zake hukaribia mita 2.8, nayo ndiyo inayokubalika chini ya paa fupi, ingawa utaruka lile bamba kila unaposukuma kigari cha vifaa. Udhaifu wa ponti hii, ya namna zote mbili, ni kwamba inaitegemea sakafu kwa kila kitu. Uzito wote hupita katika vitako viwili vidogo, na gari likiyumba, bolti za nanga ndizo zinazozuia nguzo isipinduke.

Ponti ya nguzo nne hubeba gari kwa magurudumu yake juu ya njia mbili za chuma. Ni tulivu zaidi, husamehe makosa ya kupanga gari, na haiidai sakafu kwa ukali uleule. Kwa vidanji, kukagua mabomba ya moshi au kubadilisha sanduku la gia, ni nzuri sana. Kwa breki na amortiseri utahitaji kriki ya kati inayotembea juu ya zile njia ili kuinua magurudumu, na hiyo mara nyingi huuzwa kando. Inachukua nafasi kubwa, na katika parsele za Majengo au Katoyi, ambako kila mita ina mwenyewe, wachache wataweza kuiweka.

Ponti ya mkasi ya kimo cha kati huinua gari mita moja au zaidi kidogo. Haihitaji paa refu, inafaa sana kwa magurudumu na breki, lakini katikati ya gari inazibwa na mashine yenyewe, na utafanya kazi ukiwa umekaa kwenye kigoda. Kwa mtu mwenye gari moja dogo na nyumba ya kupanga, mimi ningempendekezea hiyo, kwa kuwa baadhi yake zinahamishika siku ya kuhama. Ponti ya nguzo moja ipo pia, ila sioni sababu ya kuinunua hapa, kwa kuwa inaidai sakafu zaidi ya zote.

Sakafu

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya lava, ile ya zamani na ile ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani. Mtu anaitazama, anaona jiwe jeusi gumu, anasema: msingi gani utakuwa imara kuliko huu? Lakini lava ilipopoa ilijaa mapovu, na gamba lake la juu mara nyingi limetengana na kilicho chini kwa uwazi wa vidole viwili au zaidi. Gamba hilo hubeba nyumba, kwa sababu nyumba hueneza uzito wake. Nguzo ya ponti haienezi chochote.

Mimi mwenyewe nililipa ili nijifunze hilo. Sakafu yangu ya kwanza ilimwagwa moja kwa moja juu ya gamba, unene wa sentimita nane, na fundi aliyekuja kusimika nguzo alikaza bolti mbili vizuri. Ya tatu ikaanza kuzunguka. Spana ilikwenda nyepesi kama inakoroga uji, vumbi la kijivu likapanda pembeni mwa tundu, na mstari mwembamba wa ufa ukakimbia kutoka kwenye kitako hadi ukutani tukiwa tunautazama. Fundi akaweka spana chini akaniambia, "Papa, hapa hatusimamishi kitu leo." Nilimshukuru wakati ule na namshukuru hadi sasa, kwa sababu mwingine angejaza tundu kwa sima (saruji) na kuondoka na pesa yake.

Anza hivi. Fagia eneo lote, kisha ligonge kwa nyundo nzito kila sentimita thelathini. Jiwe lililoshikamana hutoa mlio mkavu, mfupi, na nyundo inaruka. Penye uwazi sauti inakuwa nene, kama ya kugonga mlango, na mkono hausikii ule mrudisho. Weka alama ya chokaa kila penye sauti hiyo. Gamba lote lenye alama livunjwe na kuondolewa hadi ufikie mwamba unaolia vizuri, na mashimo yanayobaki yajazwe mawe na beto (zege), si changarawe nyeusi ya volkano iliyomwagwa tu, ambayo ni nyepesi na itaendelea kushuka.

Kwa ponti ya nguzo mbili tengeneza bamba la beto la upana wa mita 4 na urefu wa mita 6, unene wa sentimita 15, lenye wavu wa vyuma. Chini ya kila nguzo ongeza unene hadi sentimita 30 katika mraba wa mita moja kwa moja. Hesabu yake ni mita za ujazo 3.6 za bamba na 0.3 za nyongeza, jumla 3.9. Kwa kilo 350 za sima katika kila mita ya ujazo utahitaji mifuko 28 ya kilo 50, mizigo kadhaa ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao. Usipunguze mifuko. Waundaji wengi wa ponti hudai beto yenye nguvu ya megapaskali 21 hivi au zaidi, na beto inayomiminwa ikiwa na maji mengi ili ienee kwa urahisi haifiki hapo. Mchanga uwe umeoshwa, maji yawe safi, na mchanganyiko uwe mzito kiasi cha kushikwa na koleo bila kutiririka. Imwage siku moja bila kukatiza, kwa kuwa kiungo kati ya beto ya jana na ya leo kikiangukia chini ya nguzo ni kama ufa uliojengwa kwa makusudi. Ifunike, imwagilie maji kwa wiki nzima, na usitoboe tundu lolote la nanga kabla ya siku 28.

Bamba lisiwe na mwinamo wa kumwaga maji mahali nguzo zinaposimama. Tumia pima maji, na tofauti ndogo inayobaki ichukuliwe na vibamba vya chuma chini ya kitako, kamwe isichukuliwe na mbao. Matundu yatobolewe wima kwa kipimo kilekile cha bolti, yapulizwe hadi vumbi liishe, na bolti zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo kufuatana na namba za kitabu cha ponti. Baada ya siku chache za kazi zikazwe tena.

Umeme, na swali la siku umeme unapokatika

Soma bamba la mota kabla ya kulipa. Nyumba nyingi zina umeme wa njia moja wa volti 220, ilhali ponti nyingi zilizotumika Ulaya zina mota za njia tatu za volti 380, na kuibadilisha mota baadaye ni gharama ambayo muuzaji hataitaja. Mota ya kawaida ya nyumbani ni ya kilowati 2.2. Ivutie waya wake yenyewe wa shaba, usiopungua milimita za mraba 4, kutoka kwenye kisanduku kikuu, na uwe na kikata umeme chake. Ukiifunga kwenye waya mwembamba wa taa, volti hushuka wakati wa kuwaka, mota hunguruma bila kuzunguka, na baada ya mara kadhaa huungua. Kwa jenereta, kumbuka kwamba mota hudai nguvu nyingi sana inapoanza, kwa hiyo jenereta ya kilowati 2.5 haitaweza. Tafuta ya kilowati 6 hivi.

Lililo muhimu zaidi halimo katika vitabu vingi. Gari likiwa limekaa juu ya makomeo ya usalama, yaani vyuma vinavyoingia kwenye meno ya nguzo na kuzuia gari lisishuke, huwezi kulishusha bila kwanza kuliinua kidogo ili makomeo yaachie, na kuinua kunadai umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika saa kumi jioni, gari lako linabaki hewani hadi urudi. Wako wanaokwepa jambo hili kwa kuacha gari likishikwa na mafuta ya haidroliki peke yake, ili waweze kulishusha kwa kufungua vali, na hao wanaweka maisha yao juu ya uzima wa mpira mdogo uliomo ndani ya silinda. Suluhisho la halali ni moja kati ya mawili: kuwa na jenereta inayoweza kuiendesha mota, au kununua ponti ambayo pampu yake ina mpini wa kuisukuma kwa mkono. Kwa Goma mimi ningekubali kuongeza pesa kwa ajili ya huo mpini.

Kununua

Ponti mpya nyingi hufika kwa njia ya bandari za Mombasa au Dar es Salaam, zikiwa vipande ndani ya fremu ya chuma. Dai kitabu cha maelekezo, bamba la namba lililopigwa kwenye nguzo, na alama ya kiwango kinachojulikana: kwa Ulaya ni EN 1493, kwa Marekani ni hati ya ALI, taasisi ya huko ya ponti za magari. Alama hughushiwa, kwa hiyo iangalie pamoja na kazi yenyewe. Weldi iwe nene na yenye mwendo mmoja, pini za mikono zisicheze, na meno ya komeo yawe na kingo kali.

Kwa ponti iliyotumika, kagua nyaya za chuma kwa kupitisha kitambaa juu yake, maana uzi uliokatika utakinasa. Tazama kama silinda ina michirizi, kama nguzo zina tundu la bolti lililotanuliwa kwa moto, kama visahani vya mpira, vile vya kwenye ncha za mikono vinavyogusa gari, vimepasuka. Muuzaji akikataa kuiinua mbele yako ikiwa na gari juu yake, mshukuru uondoke.

Kuinua gari

Toa mizigo yote ndani ya gari. Bidoni tano za maji nyuma ya Land Cruiser ni kilo mia, na zinahamisha mahali uzito unapokutana. Ingiza gari taratibu, lisimame sawasawa kati ya nguzo, liwe kwenye gia isiyovuta. Breki ya mkono iwe imefungwa hadi mikono iwe tayari.

Kwenye ponti ya nguzo mbili, kazi yote iko katika kupata kitovu cha uzito. Kwa gari dogo lenye injini mbele inayovuta magurudumu ya mbele, kitovu hicho huwa karibu na viti vya mbele. Kwa pikapu tupu kiko mbele pia, na kwa pikapu yenye mzigo hurudi nyuma sana. Hiace ina injini chini ya viti vya mbele, na mtu aliyezoea RAV4 hukosea hapo. Weka visahani mahali palipoonyeshwa na mwenye kuliunda gari: katika magari madogo ni kwenye kingo zilizoimarishwa chini ya milango, katika yale yenye shasi ni kwenye shasi yenyewe, kwa kutumia virefusho ili mikono isiguse vipandio. Usiweke kisahani chini ya karteri, bomba, tangi wala sakafu ya bati. Gari lililooza kwa kutu kwenye kingo lisiinuliwe kwa kingo hizo, hata kama kitabu kinaruhusu.

Inua hadi magurudumu yaachane na sakafu kwa kiganja kimoja, kisha simama. Zunguka gari lote, angalia kila kisahani, hakikisha kila mkono umejifunga usizunguke. Shika bampa ya mbele uisukume kwa nguvu, kisha ya nyuma. Likiyumba upande mmoja, au ukiona gurudumu moja limeachwa chini, shusha uanze upya. Dakika kumi za kupanga upya si hasara.

Ukiridhika, endelea kuinua huku ukisikiliza. Makomeo yanapita juu ya meno yake kwa mlio wa mfululizo, na milio ya nguzo mbili iende pamoja. Mlio ukisikika upande mmoja tu, acha. Ukifika kimo unachotaka, pita jino moja, kisha shusha polepole hadi uzito wote ukae juu ya makomeo ya pande zote. Tazama kwa macho yako kwamba yote yamekaa, maana sauti peke yake haitoshi. Ni baada ya hapo tu ndipo mtu anaingia chini.

Kufanya kazi chini yake

Hatari inabadilika kadiri unavyotoa vitu. Ukiondoa injini au sanduku la gia, mbele inakuwa nyepesi na gari linaweza kuinama kwa nyuma. Ukitoa ekseli ya nyuma, linainamia mbele. Kabla ya kufungua bolti ya mwisho ya kitu chochote kizito, weka kigoda kirefu cha chuma chini ya upande utakaobaki mzito. Vile vigoda vifupi, ambavyo mafundi wetu huviita shandeli, havifiki kimo hicho na visipandishwe juu ya matofali. Bolti zilizoganda zisivunjwe kwa kuning'inia kwenye bomba refu la spana. Zimwagie mafuta usiku uliotangulia, au zianze kulegezwa gari likiwa bado sakafuni.

Watoto na mifugo wasiwemo. Katika parsele zetu, ambazo uani ndiko kunakopikwa na kufuliwa, ni vizuri kamba ivutwe na mama wa nyumbani aambiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza.

Kuhusu matetemeko: baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika kwa siku nyingi na nyufa zikafunguka ndani ya mji. Ikitokea uko chini ya gari, toka kwa upande ulio karibu, uende mbali kuliko urefu wa gari, na usijaribu kulishusha wakati ardhi bado inatikisika. Kwa sababu hiyohiyo gari lisilale hewani. Kazi ikishindikana kumalizika, rudisha magurudumu, lishushe, uendelee kesho.

Kushusha

Ondoa vifaa na vigoda, tazama chini mara mbili. Inua kidogo hadi makomeo yaachie pande zote, vuta mshiko wa makomeo, fungua vali taratibu. Simama mahali unapoziona nguzo zote mbili. Mikono ikifika chini kabisa ndipo uizungushe nje, na usiendeshe gari kabla haijatoka kabisa katika njia ya magurudumu.

Matunzo

Hewa ya Goma hula chuma. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira huipa mvua ukali unaotoboa mabati mapema, na nyaya za ponti hazina kinga ya pekee. Zipake grisi kila mwezi, hasa sehemu zinazopita kwenye magurudumu madogo ya ndani ya nguzo ambako jicho halifiki kwa urahisi. Mafuta ya haidroliki yawe ya unene uliotajwa kwenye kitabu, mara nyingi ISO 32 au 46, na yabadilishwe yakigeuka maziwa, kwa kuwa hiyo ni dalili ya maji. Uzi mmoja wa waya ukikatika, ponti isitumike hadi waya mzima ubadilishwe, pamoja na mwenzake. Mara moja kwa mwaka mwite fundi asiye yule aliyeisimika, aikague yote.

Na kila baada ya tetemeko lililosikika ndani ya nyumba, kabla ya kuinua gari lolote, pima tena mkazo wa kila bolti ya nanga, kisha chukua ile nyundo nzito, ugonge beto kuzunguka vitako vyote viwili, na usikilize kama mlio bado ni mkavu.